Nyota Nne za Mama

Juzi, sokoni Tsoka, mjini Lilongwe, mwanafunzi mmoja alinionyesha ramani ya nyota kwenye simu yake, nikakumbuka siku moja ya utoto wangu tuliyoshinda mtoni, karibu na Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Mama alikuwa amepika wali na kuku, nikadhani ni vakansi tu, siku ya mapumziko. Nguo zetu mbichi zilinuka moshi wa kuni. Vyura walianza kulia, na bado hakuna aliyetaka kurudi nyumbani.

Giza lilipoingia, mama alimwonyesha dada Furaha nyota nne zilizokaa kama msalaba.

"Ukitukumbuka kule Kanada, uangaliake hizi. Na sisi tutakuwa tunaziangalia."

Nilidhani Kanada ni mbali kama Lilongwe, na dada atarudi Jumamosi.

Dada akazipiga picha kwa simu. Ikatoka nyeusi tupu. Mimi nikacheka, yeye akalia, nikadhani analilia picha.

Hadi leo dada akipiga simu kutoka Kanada, mama humuuliza, "Zile nyota, unazionaka?"

"Minazionaka, mama."

Nilimwomba yule mwanafunzi anitafutie anga la Kanada. Akaniambia kule nyota zile hazichomozi kabisa.

Jana dada alipiga tena. Nikampa mama simu, kisha nikatoka nje, nisisikie jibu.