Uso wa Shangazi Kwenye Kaseti

Sisi tuliokulia Likoni zama za kaseti tulizoea wimbo kuwa na uso wake. Ukitaka nyimbo, ulipeleka kaseti tupu kwenye duka la kurekodisha, jioni ukaifuata imejaa. Jalada halikuja nayo. Lile la asili lilibaki kwa mwenye duka. Basi sisi watoto tukajitengenezea: karatasi ya manila, picha iliyokatwa kwenye kalenda kuukuu, na gundi ya unga wa ngano iliyowavuta mende wote wa mtaa. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa rula. Mstari ukienda upande kidogo tu nilianza upya, huku mahamri yakipoa na wenzangu wakiniita nje tukacheze. Mama alikuwa akisema, "Wewe, hiyo karatasi utaikata mpaka ibaki ya kufungia ubani."

Jalada nililolihangaikia zaidi lilikuwa la shangazi yangu Mwanamkuu, dada yake baba. Aliimba vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, pembe mkono mmoja na kijiti cha kuigonga mkono wa pili. Katika harusi moja, jirani aliweka redio yake mkekani akawarekodi yeye na wenzake, na mtu mwingine akakipiga picha kikundi kizima. Shangazi alisimama mwisho kabisa, upande wa kushoto. Picha ilikuwa pana kuliko kibweta cha kaseti, nikaikunja ncha kwa ndani. Alipoiona alicheka: "Wallahi, kaseti imependeza kuliko bwana harusi."

Hakuishi sana baada ya hapo. Alimwacha binti yake Saumu angali ananyonya, akalelewa na bibi yake wa upande wa baba, Jomvu Kuu. Picha nyingine ya shangazi hatujapata kuiona. Mwaka huu Saumu, naye sasa ni mama, aliniomba: "Kaka, nitumie sauti yake. Na ile picha. Sura yake siijui."

Kompyuta nimejifunza mwenyewe, zile amri za kuandika kwenye skrini nyeusi, na sibonyezi kabla ya kusema Bismillahi. Niliihamisha kaseti, nikalikunjua jalada na kulipiga picha, nikaiambatanisha na wimbo. Faili likawa kubwa mno kwa simu yake. Nikaligeuza liwe dogo: sauti ikatoka safi, picha ikabaki nyuma, maana amri ile hubeba sauti peke yake mpaka uitaje na picha. Nikaitaja. Ikaja, lakini simu huonyesha jalada la mraba, na picha yangu pana ikatokea na michirizi miwili myeusi, juu na chini. Mtu mwingine angeiacha. Mimi nikaongeza amri ya kupunguza pande ili mraba ujae, nikaona imekaa sawasawa, nikatuma bila kutazama nani kabaki.

Saumu alipiga simu. Mamake alikuwa akisikika nyuma yake, akiimba kwenye ule wimbo niliomtumia. "Kaka, nimewatazama mmoja mmoja. Mama ni yupi hapa?"

Nikafungua, nikatazama. Hakuwapo. Nilikuwa nimemkata.

Ningeweza kutuma tena dakika ile ile. Sikuthubutu. Nilitoa jalada lenyewe, nikalitia katikati ya kitabu, nikavuka feri, nikaenda Jomvu Kuu. Saumu alikunjua ncha kwa ukucha, taratibu. Mkunjo ulikuwa umekula rangi begani pa shangazi, uso ukasalimika. Alitazama mpaka chai ikaota utando. "Mrefu," alisema. "Miaka yote hii nikidhani mfupi, kama mie."

Mwanawe akachungulia, akaweka vidole viwili juu ya karatasi ili aikuze. "Mbona haikui, mama?" Tulicheka, kicheko kifupi.

Vijana wa leo mimi huwatania sana. Wana nyimbo elfu mfukoni wala hawajui sura ya anayeimba, na kwao hata sahani ya viazi karai hupigwa picha kabla ya kuguswa. Enzi zetu picha moja ilitosha harusi nzima. Nilizoea kulisema hilo kwa majivuno. Siku hiyo, nikimwona Saumu akiwafunika wanawake wengine wote kwa kiganja ili abaki na mmoja, nilitamani enzi zetu wangepiga japo ya pili.