Mpiga besi wetu hayumo kwenye hiyo video

Tangu jana nimeshika simu nikingoja mtu anipigie aniambie wamekosea jina. Hawajakosea. Yeremia, fundi seremala wa Kasulu na mpiga besi wa kwaya yetu, amefariki baada ya homa ya siku nne. Kesho tunamzika kwao Kitanga.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kisha nikafungua simu nikakuta mwenyekiti wetu wa kwaya ameposti video yetu na caption ndefu: "Nguzo yetu, kipaji chetu, tutakukumbuka daima." Chini yake mishumaa na mioyo, na watu wanaandika "dah, kijana mzuri hivi."

Wapendwa, huyo mwenye gitaa kwenye video mnayemlilia ni mzima wa afya. Ni shemeji yake mwenyekiti, anauza vocha Kibondo, na gitaa aliloshika hata waya halikuchomekwa.

Ngoja niwaeleze, maana mlio mbali hamjui.

Besi ya kwaya ilikuwa imechakaa. Vile vyuma vyembamba vinavyolala shingoni, freti, vililiwa mpaka kila noti ikawa inakwaruza. Kamati ikampa Yere aitengeneze. Akaving'oa vyote kwa koleo, kimoja kimoja, akikipasha kwanza kwa pasi ya kulehemu ya mafundi redio ili mbao isipasuke.

Mifereji iliyobaki akaijaza vipande vya mninga, vyembamba kama kucha. Akapiga msasa siku mbili, halafu super glue tabaka juu ya tabaka, ili nyuzi zisiile mbao.

Nilimkuta karakanani nikamuuliza kama ana akili timamu. "Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "mama yangu akiimba hapandi ngazi. Anateleza. Na hili liteleze."

Alikuwa mbishi, tusidanganyane kwa sababu amekufa. Mazoezini alikuwa anasimamisha wimbo mzima eti mimi kwenye drums nimekimbia. Na wiki za mwanzo alipiga ovyo kabisa, maana bila freti kidole kikikosea kidogo tu kanisa zima linasikia.

Kisha akaipata. Siku hiyo akina mama wa sauti ya kwanza waliacha kuimba katikati ya ubeti wakageuka kumtazama.

Lakini kamati ilikuwa imeshakaa. Mwenyekiti alipitisha kiganja shingoni mwa gitaa akauliza, "Hili ni gitaa au mwiko?" Wote wakacheka. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kukaza uzi, ila siku hiyo kila mtu alikuwa mtaalamu.

Hukumu: ameharibu mali ya kanisa. Asivae sare, asisimame mbele ya watu, mpaka aombe radhi hadharani. Kwetu adhabu hiyo hupewa mlevi na mzinzi. Yeye aliipata kwa msasa.

"Niombe radhi kwa kulitengeneza?" alisema. Hakuomba. Basi, ndiyo ikawa hivyo.

Kumfukuza hawakuthubutu, maana hakukuwa na mwingine wa kupiga. Wakamkalisha nyuma ya spika na shati lake la kazi, miaka miwili, Jumapili kwa Jumapili. Dhambi yake ilikuwa ya kuonekana tu. Kusikika ilikuwa ruksa.

Tulienda Kibondo kurekodi, nyimbo sita. Yere alizimaliza zote siku moja. Jamaa wa studio akarudisha wimbo wa pili mara tatu, akatoka kwenye kiti chake akaja kuangalia ile shingo, akampa mkono.

Wiki iliyofuata tukashuti video kule mlimani. Video inataka sare, na Yere hana sare. Akaambiwa alinde mabegi kwenye gari. Shemeji mtu akapewa suti na besi ya kuazima inayong'aa, yenye freti zake zote.

Tazameni wimbo wa pili kwa makini. Sauti inapanda taratibu bila kukatika, na vidole vya yule bwana vinadonoa kama kuku kwenye mahindi. Watu elfu ngapi wamepita hapo na hakuna aliyeuliza.

Leo mchana mama yake Yere aliniita pembeni. "Mwalimu, nitafutie picha ya mwanangu akiwa na gitaa. Tuiweke juu ya sanduku."

Nikapekua simu yangu. Nikapekua group la kwaya. Video sita, picha mamia, zote za miaka hii miwili. Hayumo hata moja. Itawekwa ile ya kitambulisho, amekunja uso.

Akaomba basi angalau amsikie. Nikamwekea wimbo wa pili. Alifumba macho. "Ego, ndiyo," akasema, "ni yeye." Kisha akafumbua akaitazama simu. "Na huyu ni nani?"

Nikamweleza yote. Kikao, sare, mabegi. Nikamweleza pia kwamba katibu wa kamati ile ni mimi, na muhtasari uliomvua mwanawe sare una mwandiko wangu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Siku hiyo ya video wewe ulikuwa wapi, mwana wanje, mwanangu?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Huyo hapo nyuma, kwenye drums, mwenye sare, anayetabasamu.

Mwenyekiti, futa ile post. Huna haya, na mimi sina.

Kwaheri, Yere. Ulale pema, ndugu yangu. Wewe ndiye ulikuwa mpiga besi wetu, na haya nilitakiwa kuyaandika wakati bado unaweza kuyasoma.