Siku Niliyosimama Nyuma ya Kaka

Mwaka ule kura haikuwa ya siri. Mtu alisimama kwenye mlolongo nyuma ya picha ya mgombea wake, akahesabiwa. Ndugu zangu wawili waligombea kiti cha ubunge alichoacha baba, nami nilikuwa nimewaahidi wote wawili, kila mmoja bila mwenzake kujua.

Asubuhi hiyo, nyumbani Bungoma, mama alikataa kutoka. "Hawa wote nimezaa mimi. Ati nisimame nyuma ya nani? Na wewe kaa hapa unywe chai."

Sikukaa. Nilisimama nyuma ya kaka mkubwa, kwa sababu shamba la mahindi nililosimamia Kitale lilikuwa lake. Ndugu wa pili, aliyenilipia karo mpaka kidato cha nne, aliniona, akatazama chini. Sikuhisi kitu. Hakuna aliyenilazimisha; kosa lilikuwa langu.

Alishindwa, wala hakunigombeza. Miaka ya tisini, tulipokwenda kumzika mama, alinipa mkono mlangoni kama anavyopokea wageni.

"Karibuni, mzee. Barabara ya Kitale haikuwasumbua?"

Nikamwambia haikutusumbua.