Chumvi ya Samweli na Kitabu Kipya cha Hamisi

Jumapili ile haijanitoka kichwani, mwanangu. Tulikuwa nyuma ya karakana ya Mzee Bura, kule Nangara, tumezunguka benchi la kurandia mbao, ndipo Samweli alipoweka dadu zake chini akasema mtu wake wa mchezoni arudi nyumbani akalime.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmeanza kucheza mchezo ule ule pale stoo kwangu, na kwamba umeagiza kitabu cha nyongeza. Sikukatazi. Ila stoo ni yangu, benchi ni langu, na soda mnazokunywa zinatoka dukani kwangu, kwa hiyo nina haki ya kusema kidogo kabla hamjakifungua.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo. Babati imegeuka makao makuu, kila basi linashusha wageni, kila ofisi inataka meza na viti. Sisi mafundi seremala hatukupumua. Mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anakaa Singe alitengenezewa kabati na Mzee Bura, na alipoondoka akatuachia boksi. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza na dadu za ajabu, nyingine zina pande nyingi mpaka unadhani ni gololi. Hamisi, mtoto wa mwenye duka karibu na stendi, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Akakisoma, akatufafanulia.

Kila mchezaji anajitungia mtu na kumwandika kwenye karatasi: kazi yake, anachoweza, kinachomshinda, mizigo yake. Mmoja anakuwa msimulizi. Huyo anaeleza safari na hatari zake, wengine wanasema watu wao wanafanya nini, na dadu zinaamua kama wameweza. Hamshindani. Mnasafiri pamoja, mnafika au hamfiki.

Msimulizi nilikuwa mimi. Darasa la saba, tena la kusukumwa, lakini mdomo wangu ulikuwa umefika chuo. Waulize waliokuwepo. Majumba ya mawe na mijoka ya kwenye kitabu niliiacha huko huko kwao. Safari zetu zilipita chini ya mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko, na watu wa karakana za jirani walikuwa wanakuja kusimama tu wasikilize.

Wachezaji walikuwa watatu. Hamisi alikuwa na mtu wake mpiga upinde. Yusta, fundi cherehani wa chumba cha pili, alikuwa na mganga wa mitishamba mwenye maneno makali kama yeye mwenyewe. Na Samweli, kijana aliyeshuka kutoka Mbulu kutafuta kazi, ambaye pale karakana alikuwa anabeba mbao, alikuwa na mbeba chumvi mwenye punda. Mbeba chumvi huyo hakujua kupigana. Alijua njia, na alijua wanyama. Wenzake wakikwama, yeye anachuchumaa, anatazama nyayo, anasema tusubiri hapa, au tupite kule.

Lazima uelewe jambo moja kuhusu Samweli. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na mjini hakuwa na mtu. Wiki nzima ungemsikia salamu tu. Jumapili kwenye benchi ndipo alikuwa anafunguka, anacheka, anabishana na Yusta. Pale ndipo palikuwa nyumbani kwake. Hakuwa na pengine.

Kuharibika kulianza taratibu. Hamisi alikuwa anatumwa Arusha kufuata mzigo wa duka, na huko kwa wauza vitabu vya mtumba akapata kitabu kingine cha mchezo wetu. Cha nyongeza. Ndani yake mna watu wapya, wenye uwezo kuliko wa zamani. Mpiga upinde wake akaanza kurusha mishale miwili kwa mkupuo. Tukafurahi. Safari ya Arusha iliyofuata akaja na kitabu kingine, na mishale ikawa inafuata adui kwenye kona. Hapo nikaanza kupata kazi ngumu. Simba mmoja hamtishi tena, kwa hiyo nikaleta kundi la simba. Lakini kundi la simba linalomtosha Hamisi linawamaliza Yusta na Samweli. Nikipunguza, Hamisi anapiga miayo. Nikiongeza, wale wawili wanajificha nyuma yake safari nzima. Msimulizi hodari kama mimi, mwanangu, nilikuwa natoka jasho.

Basi Jumapili ile Hamisi akafika na kitabu cha tatu. Amevaa shati la kanisani la kuazima, maana yeye ni Mwislamu na lile alilipendea rangi tu.

"Leo mpiga upinde amestaafu," akasema. "Nimekuja na mtu wa radi. Anaruka hewani, hachoki, na akinyoosha mkono radi inashuka."

"Na kufua anajua?" Yusta akauliza.

Safari ya siku hiyo ilikuwa kupeleka chumvi ng'ambo ya ziwa, kupitia kijito cha matete kilichojaa viboko. Nilikuwa nimeitengeneza kwa ajili ya Samweli, ili mbeba chumvi apate la kufanya. Nikaeleza matete, nikaeleza matope, nikaeleza mgongo wa kiboko unavyoibuka kama jiwe. Samweli akavuta dadu zake karibu.

"Kwanza nitazame wanakokula," akasema.

"Utazame nini?" Hamisi akamkata. "Mtu wangu ameshapaa. Radi! Viboko kwisha."

Akarusha dadu. Kwa sheria za kitabu chake ilikuwa kweli, viboko kwisha. Nikaleta mamba, mamba kwisha. Nikaleta majambazi, wakakimbia wenyewe. Samweli alishika dadu zake mkononi muda wote huo bila kuzirusha.

"Na punda wako je?" Hamisi akamtania. "Ana cheti gani?"

"Heri huyo," Yusta akajibu. "Hakatishi watu maneno."

Samweli hakucheka. Ndipo akaweka dadu chini. "Msimulizi, mtu wangu arudi nyumbani. Akalime." Akainuka, akachukua koti lake kwenye msumari. Namna alivyolichukua, nilijua Jumapili nyingine hatumwoni.

Mzee Bura alikuwa kwenye kigoda chake, ananoa msumeno kwa tupa. Hakuwahi kucheza nasi hata mara moja. Tupa ikanyamaza.

"Samweli, kaa. Hamisi, hicho ni kipya?"

"Ni kitabu tu, Mzee."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni kipya?"

"Kipya, Mzee."

"Hapa kwangu chombo kipya kinaanza na nani?"

Tulijua wote, hata Hamisi, kwa kukaa pale kwake. Katika karakana ya Mzee Bura, fundi akinunua randa mpya au patasi mpya, haanzi yeye. Anaiweka benchini, kila mtu anaijaribu kwenye kazi yake, mwenyewe anakuwa wa mwisho. Mzee alisema chombo kinachomfaa mwenye nacho na kuharibu mbao za wengine hakina nafasi chini ya bati lake.

"Kinaanza na wenzako," Hamisi akasema, sauti imeshuka.

"Basi mpe Samweli huyo wa radi. Wewe mchukue wa punda."

Wakabadilishana. Nikarudisha safari mwanzo: matete, matope, viboko. Hamisi akakaa, karatasi ya mbeba chumvi mbele yake, akaanza kuisoma. Akafika kwenye orodha ya mizigo. Nikaona amekunja uso.

"Sasa mimi nifanye nini?" akaniuliza.

"Beba chumvi," Mzee akajibu, na tupa ikaanza tena kulia.

Samweli alikuwa na radi mkononi. Tukamngoja. Akatazama karatasi iliyoko kwa Hamisi.

"Msimulizi, radi inakuja na mvua?"

Kitabu hakikusema. Lakini msimulizi ni mimi, na nimezaliwa huku. "Inakuja na mvua," nikasema.

"Basi sipigi. Nikipiga, chumvi ya mwenzangu inayeyuka."

"Usipige!" Hamisi akapaza sauti, mikono yote miwili juu ya karatasi kana kwamba mawingu yameingia karakanani. "Chumvi yangu hiyo!"

Yusta alicheka mpaka akashikilia benchi. Hamisi naye akasikia alichosema, akacheka. Kisha akachuchumaa kwenye matete, nikisema kwa namna ya mchezo, akaanza kuuliza viboko wanakula wapi. Samweli akapaa juu kidogo, akamwonyesha njia. Walivuka wote. Chumvi ilifika kavu.

Hamisi alikirudisha kitabu mfukoni, ila hakukitupa, na Mzee hakumwambia akitupe. Mtu wa radi alibaki kwetu, na mvua yake. Kila nyongeza iliyokuja baadaye ilianza mikononi mwa mwenye mtu dhaifu kuliko wote. Nyingine zilipita, nyingi hazikupita. Samweli aliendelea kuja. Leo ana nyumba yake Nakwa, na ndiye fundi mkuu wangu, yule unayemwita Baba Neema.

Mimi nilipoleta mashine ya kuranda ya umeme, niliwapa vijana wangu wote kabla sijaigusa. Watu wanauliza nimefikaje hapa bila shule. Nimefika kwa kuwa na kichwa, na kwa kumsikiliza Mzee Bura.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku hizi simwoni Elia pale stoo, yule mpole aliyekuwa anakuja na baiskeli. Kitabu chako kikifika, usikifungue kwanza. Mfuate kwao. Mpe yeye yule mtu wa kitabuni mwenye nguvu kuliko wote, wewe mchukue mtu wake, ucheze hivyo mpaka mwisho wa safari. Ukiona bado mnacheka wote wawili, kitabu kinafaa. Ukijikuta huna la kufanya, umeshajua kwa nini haji.

Mungu akupe meza isiyopungua watu, akupe nguvu na wenzako wazitumie, na mzigo wowote utakaokabidhiwa ufike kavu.