Kurasa za Wanawake wa Kasikeu

Wariara binti Gicheru alikuwa mtu wa kukataa. Alimkataa mchumba aliyeletwa kutoka Nyeri amevaa suti ya kuazima. Alikataa kazi ya karani kwa sababu bosi alimwita "kasichana". Na mwaka wa tisini na mbili, watu fulani walipopita madukani mjini Sultan Hamud wakiuliza nani ni wa wapi na anarudi kwao lini, alitoka mlangoni na karatasi ya kaboni mkononi, akawaambia, "Kwetu ni hapa. Kama mnataka kunirudisha, nirudisheni ndani, nina kazi." Wakacheka, wakaenda zao. Yeye hakucheka.

Baba yake alishuka hapo kwenye gari moshi mwanzoni mwa miaka ya sitini, akafungua hoteli ya chai karibu na stesheni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini hawakusema kamba hiyo hufunguliwa lini. Wariara alizaliwa hapo, akajua Kikamba kabla ya Kikuyu, na bado sokoni kulikuwa na waliomwita mgeni huku wakimwomba awaandikie barua. Alianza na taipureta moja, akachapa programu za harusi na za matanga mpaka taipureta ikazeeka, akanunua kompyuta. Baadaye akaiunganisha na laini ya simu, akajifundisha kutengeneza kurasa za mtandao kutoka kwenye jarida lililopoteza jalada. Majirani wakauliza huo mtandao unaliwa na nini. Akawaambia wasubiri.

Lakini alichokitaka maishani si mtandao. Alitaka mwethya. Ukambani wanawake hukusanyika kwenye mwethya, leo wakalime kwa huyu, kesho wachimbe mtaro kwa yule, na asiye na mwethya hana mtu. Kikundi cha Kasikeu, huko mlimani, kilikuwa kikisuka vyondo vya mkonge, na Wariara akaomba kuingia. Vyondo vyake vilikuwa vibaya, tusifichane. Hata kuku asingetagia humo. Basi wakampa kazi aliyoiweza. Tuuzie vyondo vyetu kwa hiyo kompyuta yako, wakasema.

Akawatengenezea tovuti. Kila mama alikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa faili moja aliyoiandika Wariara mwenyewe kutoka neno la kwanza hadi la mwisho: picha, jina, kijiji, na maneno machache ambayo mama alisema kuhusu kazi yake. Kilichoandikwa hakikubadilika mpaka yeye akae chini akibadilishe. Alizichapa kurasa hizo kwenye karatasi, akapanda nazo mlimani, na wanawake wakazipokezana wakipiga vigelegele. Mwenyekiti wao, Kalunde, akamshika bega akamwita "wetu". Siku hiyo Wariara alilia. Atakayesema ni vumbi la Kasikeu ni mwongo.

Mwaka wa tisini na tisa mambo yakaharibika. Wariara alikwenda Nyeri kumzika shangazi yake, mazishi yakamchelewesha kuliko alivyotarajia, na kiondo kilichokwisha kuuzwa kikabaki kwenye tovuti kikijigamba kwamba kipo. Mnunuzi wa ng'ambo akakitaka. Kalunde akabaki kuomba radhi kwa mtu asiyemjua, kwa kosa ambalo hakulifanya. Wariara aliporudi, Kalunde alimwambia tu kwamba kuna kijana anakuja dukani kwake na wanawake wote watakuwepo.

Kijana huyo alikuwa Evanson Kiilu, mwana wa Kasikeu aliyekwenda Nairobi akarudi na kompyuta ya kubebwa na maneno mengi. Wanawake walijibana kwenye duka la Wariara, wengine kwenye benchi, wengine sakafuni, na mikono yao ikaendelea kusuka kama kawaida. Evanson akachomeka waya kwenye simu ya Wariara bila kuomba.

"Hii, kina mama, inaitwa mfumo," alisema. "Hamngojei mtu. Mmoja wenu anafungua hapa, anajaza nafasi, jina hapa, picha hapa, anabonyeza, imeisha. Kiondo ikiuzwa asubuhi, asubuhi hiyo hiyo inatoka. Hata Madam akienda Nyeri."

Wanawake wakacheka. Wariara alijua kinachopimwa hapo si kompyuta. Mfumo ukiingia, yeye anatoka. Na akitoka kwenye tovuti, atabaki mwethyani na nini? Vile vyondo vyake?

"Muulizeni huo mfumo unakaa wapi," akasema.

"Kwa kampuni yetu, Nairobi."

"Siku kampuni ikifunga mlango?"

"Madam, kampuni haifungi."

"Na wakati mama anajaza hizo nafasi zako herufi moja moja, simu inakula dakika kutoka hapa mpaka Nairobi. Mimi naandika simu ikiwa imelala, nikimaliza natuma mara moja. Hiyo umewaambia?"

Evanson akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemhurumia mwenzake. "Madam, sema ukweli. Unaogopa kukosa kazi."

Lilimchoma, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Alifungua mdomo ampe za uso, lakini Kalunde akainua mkono. "Mwache amalize. Sisi ndio tuliaibika, si nyinyi wawili."

Evanson akaendelea, na hapo ndipo alipojichongea. Alikuwa amekwisha kuziingiza kurasa za wanawake kwenye mfumo wake. Akafungua ukurasa wa Ndululu, mama mkongwe kuliko wote, aliyekuwa amekaa palepale mbele yake akisokota mkonge.

"Kutoa pia ni rahisi. Tuseme huyu mama ametuacha." Akabonyeza. Picha ya Ndululu ikatoweka, na jina lake nalo.

Mikono yote ikasimama. Hakuna mtu Kasikeu anayemtangulizia mzee kifo chake akiwa amekaa mbele yake, hata kwa mzaha, na Evanson alizaliwa huko huko. Nairobi ilikuwa imemsahaulisha.

"Aiya," akasema Ndululu. "Nirudishe."

Evanson akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Imefutika, mwaitu, mama yangu. Lakini si neno, nitakujaza tena."

"Mimi ni kibuyu?"

Wariara hakungoja. Alisimama, na sauti yake ikafika barabarani. "Mmeona! Kwa kurasa zangu hakuna mtu anafuta mtu! Mama akisema neno, linakaa vile alisema!"

Ndululu akamgeukia polepole. "Basi nisomee yangu, mwiitu, binti yangu. Vile nilisema."

Wariara akaufungua ukurasa, akasoma kwa fahari: "'Naitwa Ndululu. Mkonge huu nimeupanda mwenyewe, na uzi nausokota kwa mikono yangu.'"

"Nilisema mikono?"

Wariara akalikumbuka neno lenyewe. Ndululu alikuwa amesema paja, kwa sababu uzi wa mkonge husokotwa juu ya paja, na kila mwanamke aliyekuwa mle ndani alikuwa na paja gumu la kazi hiyo. Wariara, mtu wa kanisa, aliliona neno halifai kwa wazungu. Akalibadilisha, hakumwambia mtu.

"Ulisema paja, mwaitu," akajibu. Aliona haya kuliko siku yoyote maishani mwake.

"Huyu amenifuta mzima," Ndululu akasema akimwonyesha Evanson kwa kidevu. "Wewe umefuta paja. Tofauti ni gani?"

Wariara, aliyekuwa na jibu la kila mtu tangu utotoni, alikaa chini.

Kalunde akamuuliza Evanson kama mfumo wake unaweza kuwekwa hivi kwamba kila mama ashike ukurasa wake tu, asiguse wa mwenzake, na mtu wa Nairobi asiguse wowote. Evanson akasema kwamba mwenye mfumo lazima awe na ufunguo wa kurasa zote. Kalunde akamuuliza Wariara swali lile lile.

"Faili ni moja moja," Wariara akasema kwa sauti ndogo. "Kila mtu anaweza kushika yake kwa disketi. Lakini lazima ajue kuandika hizi alama zote za kuupanga ukurasa. Si kazi rahisi."

"Mimi nilisoma ngumbaru na mjukuu mgongoni," akasema Ndululu. "Usiniambie rahisi. Niambie nikae wapi."

Kalunde akamshukuru Evanson, akamwambia afunge mashine yake na asalimie watu wa Nairobi. Kisha akamtazama Wariara kwa jicho kavu. Tutabaki na kurasa hizi, akasema, lakini si zako tena. Utafundisha kila mtu, na ukienda Nyeri, nenda salama.

Ndululu akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya Wariara. Akauliza neno la mikono limeanzia wapi na kuishia wapi, akalifuta kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Akaandika *paja*. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwambia: *Ndululu bado niko*. Alipofika mwisho, akaigonga kinyume ile alama inayofunga maandishi ya mlazo, na herufi za ukurasa mzima zikainama upande.

Mkono wa Wariara ukaruka wenyewe kwenda kwenye kibodi.

"Toa mkono, mwiitu," akasema Ndululu bila kumtazama. "Nimeona."

Wariara akautoa.