Matomoko ya Entarara na Mizani Yetu

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha matunda, Afisa wa Kilimo wa Wilaya pale Kajiado alinikabidhi msumeno, mkasi wa kupogolea na kiti chenye mguu mbovu. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akarudisha macho kwenye karatasi ya uhamisho wangu.

"Madam, hapa watu ni wa ng'ombe," akasema. "Sasa wewe umeletwa na miti ya matunda. Hiyo matunda itakuliwa na nani?"

Nilimjibu kwamba atakula atakayepanda. Hakucheka. Kesho yake asubuhi alinipita mlangoni, akasimama, akasema, "Atakula atakayepanda," ndipo akacheka. Alikuwa mtu wa aina hiyo, mzaha ulimfikia ukiwa umelala, lakini ulimfikia.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu magharibi, ambako nilishughulika na mahindi na viazi vitamu, na nikaomba uhamisho kwa sababu mume wangu alikuwa amepata kazi kiwandani upande wa Athi River. Tulipanga nyumba Noonkopir, pale Kitengela, wakati ambapo ukitoka nje ya ploti ya mwisho unakutana na swala. Ninyi mnaosoma haya, mliokulia kwenye fleti zilizosimama mahali pale pale, mtadhani natia chumvi.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kulinganisha aina tatu za mtomoko. Tomoko mnalijua: tunda la kijani, nyama nyeupe laini, tamu, na mbegu nyeusi ndani. Watu wa pwani wana jamaa yake, topetope. Siku hizo mtomoko ulikuwa mti adimu katika wilaya yetu, na huo mmoja mmoja uliokuwepo ulizaa vitunda vya kushika kwa vidole. Aina zetu tatu zilikuwa za matunda makubwa. Zilitufikia zikiwa vijiti tu, vimefungwa kwenye magazeti yaliyolowa maji, nasi tukavibebesha. Kubebesha ni kuchukua kijiti cha mti bora na kukiunganisha juu ya mche wa mti wa kawaida, ukaufunga kwa utepe wa plastiki mpaka vishikane viwe mti mmoja. Mti ukibebeshwa vizuri huzaa tunda lile lile la mama yake. Ukipanda mbegu tu, utapata chochote Mungu atakachopenda.

Tulipanda sehemu mbili. Shamba la kwanza lilikuwa Kitengela, na sitalizungumzia sana kwa sababu linaniuma. Udongo wa pale ni ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na maji ya kisima yana chumvi. Upepo wa nyika ulipiga miti ile mchana kutwa. Mzee mmoja wa Kimaasai, jirani, alikuwa akipita na mbuzi wake ananisalimu, "Takwenya," namjibu, "Iko," kisha anaegemea fimbo na kuitazama miti yangu kwa huruma kama anayeangalia ndama asiyenyonya. Siku moja akaniambia, "Madam, hii miti inataka kwenda mlimani. Ipeleke." Nilikuwa na digrii ya ukaidi wakati huo, nikaendelea kumwagilia. Miti ikafa mmoja baada ya mwingine.

Ndipo Afisa wa Kilimo akanihamishia Loitokitok, niangalie ile iliyopandwa kwa wakulima wa Entarara, chini ya mlima, ambako kuna ubaridi na udongo mzuri. Familia ikabaki Noonkopir, mimi nikawa mtu wa kurudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Shamba letu kuu la majaribio lilikuwa kwa Mama Mutua. Alikuwa Mkamba aliyehamia Entarara na mumewe kutafuta shamba, mume akafariki, yeye akabaki na watoto, mahindi, maharagwe na mitomoko yangu. Siku ya kwanza nilipoingia bomani kwake na mfuko wangu, nilikaa kwenye kiti cha wageni. Akanitoa.

"Toka hapo, Madam. Wewe utakuwa unakuja kila wiki. Wewe sio mgeni, wewe ni mtu wa hapa." Akanionyesha kigoda jikoni na kunipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Nilikula muthokoi wa Mama Mutua miaka mingi, na sikuwahi kupewa kitu kingine.

Wakulima hawakujali namba tulizoipa miti ile. Namba moja ilikuwa na tunda laini, jeupejeupe, la kupendeza, ila mvua ikizidi linapasuka. Hilo wakaliita Mzungu. Namba mbili lilikuwa na ganda nene lenye nundu, likaitwa Kifaru. Namba tatu lilikuwa na makunyanzi mwili mzima, likaitwa Susu, yaani bibi mzee, nyanya wa wajukuu, kwa Kikamba.

Mtomoko una shida moja. Ua lake likifunguka asubuhi ni jike, kesho yake alasiri linageuka dume. Wadudu wa kubeba chavua, ule unga wa ua dume, ni wachache huku kwetu, kwa hiyo jike na dume hawakutani na tunda linakuwa dogo na lililopinda. Nikawafundisha wakulima kukusanya chavua alasiri kwa brashi ndogo, kuiweka kwenye kikopo mahali penye baridi, na asubuhi kuipaka kwenye maua yaliyofunguka. Kazi hiyo inaitwa kuchavusha, lakini wao waliiita kuozesha. Asubuhi nikifika nasikia akina mama wakiulizana juu ya miti, "Wewe umeozesha wasichana wangapi leo?" Na matunda yakawa makubwa kweli, Mzungu, Kifaru na Susu.

Baada ya hapo likabaki swali la ipi ichaguliwe. Maana moja tu ingechaguliwa. Kituo chetu cha miche kilikuwa na uwezo wa kuzalisha miche ya aina moja, na aina hiyo ndiyo ingepandwa na tarafa nzima. Zile nyingine zingekatwa na kubebeshwa upya kwa ile iliyoshinda, ili shamba liwe la kutoa vijiti. Na kwa kuwa ya Kitengela ilikufa yote, aina itakayokatwa Entarara ingekuwa imepotea kabisa.

Mwenye kuamua alikuwa Mratibu wa Matunda wa Mkoa. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mpole wa sauti, na alikuwa haamini kitu kisichopanda kwenye mizani. Kila msimu karani wa vipimo alikuja siku iliyopangwa, akachuma matunda yote yaliyokomaa, akapima, akaondoka. Kila msimu Kifaru alishinda. Mzungu alifuata. Susu alikuwa wa mwisho, tena kwa mbali.

Mimi nilimpenda Susu. Nilikuwa nimeyaonja yote matatu, yale madogo madogo ya majaribio, na nilijua kwamba Kifaru amejaa mbegu na nyama yake ni ya chenga chenga, na Susu ni asali. Nilimwambia Mratibu hivyo ofisini kwake, nikiwa nimejiandaa njia nzima.

"Utamu hauna kilo, Madam," akasema.

"Lakini mtu hanunui kilo, Bwana Mratibu, ananunua tunda."

"Mkulima anauza kilo. Mimi natafutia mkulima pesa, sitafutii mtu dessert." Halafu akaongeza, kwa upole wake ule, "Na hiyo Kifaru wewe unaichukia bure. Mimi nakula Kifaru kila msimu. Mke wangu ndiye anafungua kiondo ninachotoka nacho Entarara, ananipakulia kwa bakuli, ananiambia hajaona tunda kubwa na tamu kama hiyo."

Nilifikiri labda ulimi wangu ndio mbovu. Nilirudi Entarara na amri ya kukata Mzungu na Susu, na yeye angekuja mwenyewe kushuhudia.

Nilipomweleza Mama Mutua, aliendelea kuchambua maharagwe. Miti ile alikuwa ameibeba mgongoni: miaka ya ukame alitoa maji mtoni kwa mtungi akaimwagilia kabla hajapeleka nyumbani. Nilitaka agombe. Kama angegombana nami ningepata nguvu. Alisema tu, "Ni ya serikali. Kama serikali imesema, kateni." Usiku ule sikupata usingizi mzuri, nasema ukweli.

Siku ikafika. Mratibu alikuja na gari, akasalimia watu wote kwa mkono, akakalishwa kwenye kile kiti cha wageni chini ya mstari wa miti. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye Susu wa kwanza na msumeno ule ule niliopewa Kajiado. Nilikuwa nimeshaupaka mafuta. Nilikuwa naomba Mungu alete mvua, na mbingu ilikuwa nyeupe peee.

Mratibu akamgeukia Mama Mutua. "Mama, kabla sijasahau. Uniwekee ile Kifaru yangu ya kupeleka nyumbani. Nikirudi mikono mitupu leo nitalala nje."

Mama Mutua akamtazama. "Kifaru gani?"

"Ile huwa unaniwekea kwa kiondo."

"Bwana, mimi sijawahi kukupea Kifaru." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Hiyo iko na mbegu kama changarawe, nitapea mgeni aje? Mgeni anapewa Susu. Na sio Susu yoyote, ile kubwa. Naichuma mapema kabla huyu kijana wa mizani hajakuja kushikashika."

Niliuondoa msumeno kwenye shina. Mratibu alikuwa bado hajaelewa, au alikuwa ameelewa na anatafuta mahali pa kushika.

"Unachuma mapema ngapi?"

"Zile kubwa zote. Pasta lazima apate. Wakwe wangu wakitoka Makueni lazima wapate. Chifu. Wewe. Zinazobaki ndio anapima."

"Na Kifaru je?"

"Kifaru nani anataka? Hiyo inakaa tu kwa mti mpaka ipimwe."

Akaingia ghalani, akarudi na kiondo kilichofunikwa majani ya mgomba. Safari hii Mratibu alifunua mwenyewe. Ndani mlikuwa na Susu, makunyanzi yake yote, limejaa kiondo kiasi kwamba lilitolewa kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema tupime. Mratibu mwenyewe ndiye aliyetoka kitini akachukua mizani kutoka kwenye gari, akaitundika kwenye tawi. Mshale ukashuka, ukapita pale ambapo Kifaru mkubwa kuliko wote alikuwa amewahi kufika, ukaendelea kushuka kidogo.

Tukawaita majirani wenye majaribio kama yetu. Wote walisema vilevile, tena kwa mshangao, kana kwamba tumewauliza kama huwa wanasalimia wageni. Kifaru alikuwa ameshinda miaka yote kwa sababu hakuna mtu aliyemwona anafaa kupewa mtu anayeheshimiwa. Susu alikuwa ameshindwa kwa kupendwa.

Mratibu alilishusha lile tunda kutoka kwenye mizani. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka akatoa kitambaa. "Madam," akaniambia, "nimekula ushahidi. Nimekula ushahidi wote na mke wangu."

Mimi niliweka msumeno chini, nikakaa kwenye nyasi, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Yalikuwa machozi ya kushusha mzigo. Kama angekuwa mtu mwenye kiburi, angesema amri ni amri. Lakini mtu aliyeamini mizani aliiamini mpaka mwisho, hata ilipomgeuka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Msimu uliofuata tulipima upya, kwa sheria moja mpya: kwanza mizani, halafu mgeni. Mama Mutua alinung'unika kwamba tunda lililopimwa halina heshima, lakini alikubali. Tuliyemkata mwishowe ni Kifaru, na Mzungu naye.

Miaka iliyobaki ilikuwa miepesi. Nilibebesha Susu mpaka vidole vikaota sugu, miche ikaenda Entarara yote na kwingineko kwenye ubaridi. Nikapandishwa cheo mara moja, nikarudishwa Kajiado kwenye ofisi yenye kiti kizima, na mwishoni mwa miaka ya elfu mbili nikastaafu. Nyumba yetu ya Noonkopir siku hizi ni yetu, na mtomoko haumei pale. Nimeacha kubishana na udongo ule.

Vijana wa kitengo huja kuniuliza siri ya kulinganisha miti. Nawaambia pimeni vizuri, rudieni, msipende mti kabla hamjaujua. Halafu nawaambia ulizeni pia ni tunda gani mwenye shamba humpa mama mkwe. Wanacheka, wengine wanaandika.

Mwaka niliostaafu nilienda Entarara kuaga. Mama Mutua alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo. Niliingia moja kwa moja jikoni nikatafuta kigoda changu. Akanishika mkono, akanitoa nje, akanikalisha kwenye kile kiti cha wageni. Kisha akaniletea kiondo chenye majani ya mgomba.

Nilipolitoa tunda, macho yangu yalienda yenyewe kwenye tawi ambapo mizani ilikuwa ikitundikwa. Akaniona.

"Wacha hiyo," akasema. "Leo wewe ni mgeni."

Tulilipasua pale pale, tukala na vijiko viwili, nusu yake na nusu yangu. Mpaka leo sijui lilikuwa na uzito gani.