Posa ya Salha kwenye Stoo ya Saruji

Imrani alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi Nzuguni, na kwa miaka mitatu alikuwa akiandika riwaya moja. Nzuguni mtu hachekwi kwa kuchelewa kumaliza jambo. Nyumba nyingi zimeishia kwenye lenta, zinangoja bati, na wenyewe wameshahamia chumba kimoja wanaendelea na maisha. Majirani walimvumilia. Aliyeanza kuchoka ni mkewe, Shamimu, na alikuwa na haki.

Shamimu alikuwa fundi cherehani. Meza kubwa ya nyumba ile ilichongwa kwa ajili yake, ya kukatia vitambaa. Imrani aliiazima kwa muda mfupi tu alipoanza sura ya kwanza, na tangu hapo Shamimu alikata magauni ya watu sakafuni, kwenye mkeka, kiuno kikimuuma. Mwanamume anayeandika habari za mapenzi huku mkewe amepiga magoti kwa sababu yake ana jambo la kujiuliza. Imrani alikuwa hajajiuliza.

Kazi yenyewe aliifanya kwa heshima zote. Kila alfajiri baada ya swala alivaa shati lililopigwa pasi, akaweka chupa ya chai ya tangawizi mkono wa kulia, akakaa. Kisha alisoma riwaya yake kuanzia ukurasa wa kwanza, ili ashike mwendo, kama alivyosema. Alifuta neno, akalirudisha. Akifika sura ya tisa, mahali alipokwama, saa ya kufungua duka ilikuwa imefika. Kesho yake alianza tena ukurasa wa kwanza. Sura ya kwanza ya *Upepo wa Haubi* ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Sura ya tisa ilikuwa na mistari minne.

Lakini shukrani alikuwa ameshaziandika, na humo alimshukuru mkewe kwa uvumilivu usio na kikomo bila kumuuliza kama anao. Hotuba ya uzinduzi ilikuwa tayari, imeachwa nafasi ya jina la mgeni rasmi. Saini ya kutilia vitabu aliifanyia mazoezi kwenye maboksi ya misumari, hadi mwenye duka akauliza ni nani huyu anayepokea mzigo kila siku.

Mwezi wa Rajabu ulipoingia, Shamimu alimkalisha.

"Baba Adamu, Ramadhani ikiandama watu wataleta vitambaa vya Idi. Mwaka jana nilikata kanzu sakafuni mpaka Idi yenyewe nikaiswali kwenye kiti. Mwaka huu siwezi."

"Nitakuwa nimemaliza."

"Usipomaliza?"

"Wallahi, mwezi ukiandama sijamaliza, meza ni yako, na mimi kuandika basi tena!"

Shamimu hakuomba ile sehemu ya pili. Imrani aliiongeza kwa kuwa ilisikika vizuri, na hiyo si sababu ya kutaja jina la Mungu.

Sasa aliogopa kweli. Alifikiri sana, akaona kilichomkwamisha ni upweke: hakuwa na waandishi wenzake. Akabandika tangazo dukani, kati ya bei ya saruji na bei ya nondo, kwamba anayeandika riwaya na anataka wenzake aje Jumapili alasiri.

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Bartolomayo, mstaafu, Mgogo wa Mvumi, mwenye sauti ya kuamsha darasa. Mwingine alikuwa Loisi, mwanafunzi wa chuo, ambaye riwaya yake ilikuwa na jina, jalada la rangi na wafuasi wengi mtandaoni. Sentensi ya kwanza tu ndiyo ilikuwa haijaja.

"Bado natafuta mudi," alieleza.

"Tangu lini?" akauliza Mwalimu.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na sasa uko mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ungeanza na hiyo."

Waliketi kwenye mifuko ya saruji ndani ya stoo. Imrani alikuwa akiwasomea, yuko katikati ya sura ya nane, pale Bi Mishi alipoingia kutafuta bawaba za mlango. Bi Mishi alikuwa mama mtu mzima wa Kondoa, muuza viungo, na hakuna ndoa ya Warangi iliyofungwa mitaa ile bila yeye kuwa na neno. Alisimama, akasikiliza, akavuta naye mfuko mmoja wa saruji akakaa.

"Samahani, Bi Mishi, hiki ni kikao cha waandishi," Imrani alisema.

"Nimekuzuia kuandika? Endelea, mwanangu. Kama nyote mnaandika, anayesikiliza nani?"

Imrani akaendelea. Alifika mahali ambapo Jaha, kijana mwenye macho ya huzuni, anamchukua Salha alfajiri na kupanda naye basi la Babati wakafunge ndoa. Hapo mistari minne ikaisha.

"Inakwama hapo," alikiri. "Basi linaondoka, halafu halifiki."

"Litafikaje?" Bi Mishi akafoka. "Mtoto wa watu anapakiwa kwenye basi kama gunia la ufuta! Baba yake yuko wapi?"

"Alifariki sura ya kwanza."

"Aliumwa nini?"

Imrani akafikiri. "Sikuandika."

"Umemuua mzee wa watu ili usimwandikie posa. Ami zake je?"

"Hana ami."

"Mjomba?"

"Hana."

"Ukoo mzima wa Haubi, kwetu Kondoa, binti hana hata mjomba! Hiyo si riwaya, mwanangu, huo ni uvivu."

Mwalimu Bartolomayo alicheka mpaka akashika mbavu. Imrani hakucheka. Watu kumi na saba wa riwaya ile alikuwa amewapa mashavu, nywele na ndoto, lakini kuwapa ndugu kungemlazimu aandike mazungumzo magumu. Kwa hiyo aliwazika, au aliwapakia kwenye basi.

"Basi tumpose Salha kama watu," Bi Mishi akaamua. "Jumapili ijayo. Mimi shangazi. Mwalimu, wewe ami yake."

"Mimi ni Mgogo, tena Mwanglikana."

"Kwa alasiri moja utaweza. Wewe binti ndiye mshenga wa Jaha."

"Mimi?" Loisi akashtuka. "Hata sijaolewa!"

"Ndiyo maana unatetemeka. Mshenga atetemeke kidogo."

Jumapili iliyofuata Mwalimu alikuja na kofia ya kuazima. Bi Mishi alitandika khanga juu ya saruji, wakakaa. Loisi aliwaamkia wote, akasema amekuja kuleta habari ya kijana wao Jaha, ambaye ameona ua katika nyumba hii na hapati usingizi.

"Ahsante," alisema ami. "Kijana anafanya kazi gani?"

Loisi akamgeukia Imrani. "Anafanya kazi gani?"

"Yeye..." Imrani alipekua kurasa. "Hutazama ziwa la Haubi."

"Anavua samaki?"

"Hapana. Anatazama tu."

"Na hilo ziwa linamlipa?"

"Ana macho ya huzuni," Imrani alijitetea.

"Angekuwa na huzuni zaidi angejua bei ya bati. Ana umri gani?"

"Ishirini na tisa."

"Mwambieni," Mwalimu alisema kwa sauti ya kuamsha darasa, "hatumkatai moja kwa moja. Akipata kazi, arudi. Lakini asimsogelee binti yetu kituo cha mabasi!"

Akapiga mfuko kwa kiganja, vumbi la saruji likapanda. Loisi akasimama, macho yamemjaa maji, labda kwa vumbi.

"Mzee, anampenda! Mnataka nimwambie nini huyu mtu? Amekaa nyumbani kwao, amenyoa, ananingoja mimi!"

"Shika hapo hapo!" Imrani alipiga kelele. Alikuwa amepasua boksi la bawaba na anaandika upande wa ndani, mkono unamuuma, kila neno. Amenyoa, ananingoja. Kwa miaka mitatu Jaha alikuwa hajawahi kunyoa.

Mwezi wa Shaabani wote Imrani hakurudi ukurasa wa kwanza. Alimfufua baba yake Salha, akamzika upya kwa ugonjwa unaojulikana, akampa binti ami wawili na mjomba mkali. Sura ya tisa ikaisha. Lakini Jaha alikuwa amekataliwa, hana kazi, na kitabu kilichokuwa kiishie kwenye basi sasa hakikuwa na mwisho kabisa. Na mwezi hauna subira na mtu. Jioni moja baada ya magharibi watu wa mtaani walitoka nje, wakauona, mwembamba juu ya paa zisizo na bati.

Imrani aliingia ndani, akakusanya karatasi zake, akaifuta meza kwa kitambaa kibichi na kwa mara ya kwanza akaibusu.

"Meza yako, Mama Adamu."

Shamimu alitandaza kitambaa cha hudhurungi kuanzia ukingo mpaka ukingo, akanyoosha mgongo kama mtu aliyeshushwa mzigo.

"Hiki ni cha Bi Mishi," alisema. "Amenihadithia yote. Jaha ameshapata kazi?"

Imrani alishangaa. Katika miaka mitatu mkewe hakuwahi kumuuliza habari za Jaha.

"Bado. Na nimeapa kuacha."

"Uliapa mambo mawili. Meza umetimiza. Hilo la kuacha kuandika uliapa kwa kujipamba, na kiapo kina kafara yake. Utalisha maskini kumi. Nimeshauliza msikitini."

"Kumi! Utapika nini?"

"Mimi?" Shamimu akachukua mkasi. "Mimi nina kanzu za watu."

Futari ya maskini hao Imrani aliipika mwenyewe uani: wali, maharage na mihogo ya nazi, moshi machoni, huku Bi Mishi akikosoa chumvi kwa kunusa, maana wote walikuwa wamefunga. Wazee kumi wakala wakashiba, na mmoja akaomba aongezwe. Hayo yalikuwa malipo ya haki.

"Mpeleke Jaha Kibaigwa," Shamimu alimwambia toka dirishani, mkasi ukitembea mezani. "Kwenye soko la mahindi hakukosi kazi. Na asipewe ukarani. Abebe magunia."

Jumapili Imrani alikaa stoo, juu ya mfuko, vidole vinanuka vitunguu. Hakufungua ukurasa wa kwanza. Aliandika: *Jaha alishuka Kibaigwa kabla ya adhuhuri, na mtu wa kwanza kumsemesha alimuuliza kama mgongo wake ni mzima.*